Uliza Fundi: Bombo mpaka Entebbe kila siku, nichukue gari gani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, gari ya mtumba ya kwenda kazini mbali na kurudi kila siku bila kulala njiani. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna maswali ya watu wengi.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi naishi Bombo na familia yangu, nimepata kazi Entebbe karibu na uwanja wa ndege. Saa hizi napanda teksi tatu kwenda na tatu kurudi, natoka mara tu baada ya swala ya alfajiri na nikirudi watoto wameshalala. Nimeweka akiba, niko na milioni 24. Marafiki wananichanganya kichwa, mmoja anasema nichukue Harrier kwa sababu iko juu, mwingine anasema Wish, mwingine anasema niongeze mkopo nipate Subaru Forester. Mke wangu yeye anasema Premio. Mimi nataka tu gari isiyonisumbua njiani. Nichukue ipi? (Msomaji, Bombo)

JIBU: Wa aleikum salaam kaka. Mke wako ameongea vizuri, ila na yeye nitamuuliza Premio ipi, maana Premio si moja.

Lakini majina ya gari tuyaache kwanza tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndo watu wengi wanaumia, mtu anapiga hesabu ya kununua tu alafu baada ya miezi mitatu gari imesimama uani haina mafuta. Bombo mpaka Entebbe ukipita Matugga, Kawempe, ukashika Northern Bypass mpaka Busega alafu ukaingia Expressway, ni kama kilomita 75. Kwenda na kurudi 150. Siku 22 za kazi ni kilomita 3,300 kwa mwezi, kwa mwaka unakaribia 40,000. Kuna watu huku wana gari na kilomita hizo wanazimaliza kwa miaka minne.

Sasa tuchukue petroli shilingi 5,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, wewe weka bei ya siku yako. Gari ya injini ya 1.5 ambayo iko sawa, kwa njia kama yako yenye barabara kuu na jamu ya Kawempe na Bwaise ndani yake, weka kilomita 14 kwa lita. Hiyo ni lita 236 kwa mwezi, karibu 1,180,000. Harrier ya 2.4 kwa njia hiyo hiyo weka kilomita 9 kwa lita, utahitaji lita 367, ni 1,830,000. Tofauti ni 650,000 kila mwezi. Kwa mwaka inakaribia milioni 8, yaani theluthi ya akiba yako yote, na hujapata chochote cha ziada isipokuwa kukaa juu kidogo. Na lami ya Bombo kwenda Kampala haihitaji gari ya juu, inahitaji dereva anayepunguza mwendo kwenye matuta.

Alafu usisahau kwamba Expressway tangu Januari 2022 inalipiwa, gari ndogo 5,000 kila ukipita, kwa siku ni 10,000, kwa mwezi 220,000 ukilipa kila mara. Ile barabara ya zamani ya Kajjansi ni bure lakini jamu yake itakurudisha kwenye maisha yale yale ya watoto kulala kabla hujafika. Kwa hiyo hata ukichukua gari inayokunywa kidogo, uko kwenye milioni 1.4 kwa mwezi kabla hujanunua oili. Nakuomba ukae na mke wako muiangalie hiyo namba pamoja jioni moja kabla hujaenda kuangalia gari yoyote. Mshahara wako mimi siujui, wewe unaujua. Kama ni nzito, kuna wanaoendesha mpaka Busega wanapaki mahali pa kulipia alafu wanamalizia na teksi, si aibu hata kidogo.

Mkopo wa Forester naomba uuache. Sisemi Subaru ni mbaya, ni gari inayokaa barabarani vizuri sana, lakini zile Forester ambazo utafikia bei yake ni za injini ya EJ, na EJ inatumia mkanda wa taimingi ambao unabadilishwa kwenye kilomita kama 100,000, wewe kwa mwendo wako utafika hapo haraka na mkanda ukikatika ukiwa kwenye mwendo valvu zinagongana na pistoni. Tena gasketi za hedi za EJ zina historia ya kuvuja, na ile injini imelala, kuifungua kunataka fundi aliyeizoea. Kampala wapo, Bombo utawatafuta. Mtu anayeendesha Jumapili tu anaweza kuvumilia hayo, wewe ukiwa na deni la benki na gari iko gereji utalipa benki na teksi kwa pamoja.

Wish ni gari nzuri kwa familia, viti saba, ila zile za kizazi cha kwanza, kuanzia 2003, zenye 1.8, zina injini inaitwa 1ZZ. 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, ringi za pistoni zinaziba na uchafu, oili inapita inachomwa. Toyota walikuja kurekebisha baadaye. Ukikutana na Wish ambayo haili oili, sawa, lakini wewe unaendesha kilomita 150 kwa siku, gari inayokula oili itakuja kukuishia kwenye Expressway bila hata taa kuwaka mapema, kwa sababu ile taa nyekundu ya oili inawaka presha ikishuka, wakati huo injini imeshaumia.

Na ukiona gari yoyote ya Toyota ya 2.0 ya miaka ile ina maandishi D4 kwenye kava ya injini au nyuma, pita. Iwe Premio, iwe Noah, iwe Nadia. D4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli kama kwenye injini za kawaida, zinajaa kaboni, alafu pampu yake ya presha haipendi mafuta machafu. Mafundi wengi hapa wanaijua kwa kuihofia.

Kwa hiyo mimi kwako nasema Premio au ndugu yake Allion ile tunaita 240, ya 2001 mpaka 2007 iliyokwisha kusajiliwa hapa, lakini iwe ya 1.5 VVT-i, injini ya 1NZ. Au Fielder ya miaka hiyo hiyo yenye injini hiyo hiyo. Hata Probox na Succeed zinaitumia, zile ni ngumu kweli kweli, ila masaa matatu kwa siku kwenye kiti cha Probox mgongo utakuambia. 1NZ inatumia cheni, haina mkanda wa kubadilisha, inakunywa kidogo, giaboksi ya 240 ni otomatiki ya kawaida ya gia nne ambayo hata fundi wa kijijini ameshawahi kuifungua, na spea zake Kisekka na Ndeeba zimejaa, mpya na za mtumba wa Japani. Ukiharibikiwa Matugga saa tatu usiku kuna mtu atakayejua hiyo gari. Kwa safari yako hicho ndo kitu cha kulipia pesa.

Ile Premio iliyofuata, 260, inatumia giaboksi ya CVT. Nitaizungumzia CVT kwenye barua ya tatu hapa chini.

Sasa bei. Una milioni 24, tafuta gari ya 20, hata ukibembelezwa sana usivuke 21. Zinazobaki si za kula, ni za gari. Siku ya kwanza tu unataka oili na filta, plagi, kulanti mpya, oili ya giaboksi, filta ya hewa, uangalie breki pedi na bushi za mbele, alafu tairi. Tairi watu wanaziangalia meno tu. Angalia ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara cha mviringo, mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zaidi ya miaka sita hata kama ina meno mazuri usiende nayo Expressway kwenye kilomita 100 kwa saa. Na kuna gari zinafika na tairi za theluji kutoka Japani, mpira wake laini, una vijistari vidogo vidogo vimekatwa kwenye meno, kwenye lami ya joto zinaisha haraka na kwenye mvua kubwa hazishiki vizuri. Hizo badilisha.

Siku ya kuangalia gari nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Ukifika weka mkono juu ya boneti. Kama ni ya moto, ameshaiwasha, na gari inayowashwa kabla mnunuzi hajafika mara nyingi inaficha kitu kwenye kuwaka kwa baridi. Rudi siku nyingine au achana nayo.

Kabla ya kuwasha, zungusha ufunguo mpaka ON bila kupiga injini. Taa ya injini lazima iwake, ya airbegi lazima iwake, ya ABS, ya oili, zote. Ukiwasha injini zizime. Watu wengi wanafurahi wakiona dashibodi haina taa hata moja, kumbe taa imetolewa balbu au imefungwa ili usione. Taa ambayo haiwaki kabisa kwenye ON ni mbaya kuliko inayowaka ikakaa.

Fungua kifuniko cha radieta injini ikiwa ya baridi, ya baridi nasema, ukifungua ya moto utaungua uso. Maji yawe na rangi safi, ya kijani au nyekundu au pinki. Yakiwa ya kahawia kama chai ya maziwa, hiyo gari imetembea na maji ya bomba miaka mingi, kutu imeshaingia kwenye njia za injini. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta kitu cheupe kinene kama mayonezi, maji yanaingia kwenye oili. Usibishane bei, ondoka.

Washa. Mtu mmoja akae nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni mvuke tu, lakini ukiendelea kutoka baada ya injini kupata joto na una harufu tamu, ni kulanti inaungua. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Acha injini ipate joto mpaka feni ya radieta iwake yenyewe alafu izime. Hapa usiwe na haraka, kaa dakika ishirini, wauzaji wengi wanataka uendeshe kidogo uzime, wewe ngoja feni.

Giaboksi, ukanyage breki, weka D, isikawie na isipige kishindo. Weka R vivyo hivyo. Alafu iendeshe kweli, si kuzunguka uwanja. Omba mpaka ufike mahali unaweza kwenda 80, shika breki polepole usukani usitetemeke, achia usukani sekunde moja kwenye barabara tambarare gari isivute upande. Lipa fundi wako, si fundi wa broka, aje na skana asome kompyuta. Pesa utakayompa ni ndogo sana ukilinganisha na injini.

Kuna kitu kingine na hiki naomba kila mwenye Toyota ya miaka ya 2000 akisome. Airbegi nyingi za kampuni ya Takata zilirudishwa kiwandani dunia nzima, Corolla na Vitz zikiwemo, kwa sababu kemikali iliyo ndani inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ajali ikitokea inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Sisi tunaishi kwenye joto na unyevu. Chukua namba ya chesisi nenda kwa wakala wa Toyota Kampala uulize kama gari yako iko kwenye orodha. Usingoje.

Karatasi nitaenda haraka. Namba ya chesisi kwenye bodi ifanane na logibuku, herufi kwa herufi. Jina la muuzaji lifanane na kitambulisho chake, na kama anauza kwa niaba ya mtu mwingine mtake huyo mtu mwenyewe. Kabla ya kutoa pesa fanya uchunguzi wizarani, usajili wa magari sasa uko Wizara ya Kazi na Uchukuzi si URA (mamlaka ya mapato) tena, ujue kama gari imewekwa rehani kwa mkopo, na uangalie kama ina faini za EPS, zile za papo hapo za makosa ya barabarani, ambazo hazijalipwa. Badilisha jina mara moja. Gari iliyokaa kwa jina la mtu aliyeiuza miaka mitano nyuma, siku akifariki utasumbuka na warithi wake.

Ukishainunua, kwa kilomita zako sevisi ya kila 5,000 inakuja kila mwezi mmoja na nusu. Andika kwenye daftari, usitegemee kumbukumbu. Kila Jumamosi asubuhi vuta kijiti cha oili, angalia kulanti kwenye kopo, angalia upepo wa tairi. Taa za mbele zikiwa zimefifia zimekuwa njano zipigishe polishi, maana wewe unatoka giza unarudi giza, na barabara ya Bombo ina boda nyingi bila taa nyuma. Na Bwaise ikifurika usijaribu kuvuka maji usiyoona chini yake, injini ikivuta maji inakunja fimbo za pistoni na hapo ni injini nyingine. Subiri au zunguka.

SWALI: Fundi, natoka Jinja naenda Kampala kila siku na Allion. Mwezi uliopita sindano ya joto ilipanda nikiwa Mukono kwenye jamu. Makanika akatoa themostati akasema nchi za joto hazihitaji hicho kitu. Sasa haipandi tena ila naona inakunywa mafuta zaidi. Niirudishe? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Irudishe, na si ile ya zamani, weka mpya. Samahani nitasema kwa nguvu kidogo kwa sababu hili jambo linaua injini nyingi hapa kwetu na linafanywa na mafundi ambao mambo mengine wanayafanya vizuri.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani tu ili injini ipate joto lake haraka. Ikifika kama nyuzi 82 mlango unaanza kufunguka, maji yanaenda kwenye radieta. Injini yako ilitengenezwa ifanye kazi kwenye joto hilo, hata ukiwa Uganda, hata ukiwa jangwani, hewa ya nje yenye nyuzi 28 bado ni baridi sana kwa injini. Ukitoa mlango, ukiwa kwenye mwendo pale Mabira upepo unaingia kwenye radieta na maji yanapita bila kuzuiwa, injini inakimbia ya baridi. Sensa inaiambia kompyuta injini bado ya baridi, kompyuta inaongeza petroli. Ndo hayo mafuta unayoyaona. Oili nayo haipati joto la kutosha kukausha unyevu, inaanza kufanya tope.

Lakini kibaya zaidi ni kwamba tatizo lako halijatibiwa, limefichwa. Sindano ilipanda kwenye jamu, haikupanda kwenye mwendo. Hiyo inaniambia nianze na feni. Kwenye mwendo upepo unafanya kazi ya feni, ukisimama Mukono au Seeta nyuma ya malori ya miwa feni ndo kila kitu. Iwashe gari mpaka ipate joto uone feni inawaka yenyewe, na inapuliza kwa nguvu, maana mota ikichoka inazunguka polepole mtu anadhani ni nzima. Washa AC uone feni zinazunguka. Kama feni ziko sawa, nenda kwenye radieta, ya nje inaweza kuwa imezibwa na vumbi na wadudu, ya ndani imezibwa na kutu. Alafu kifuniko cha radieta, ni kitu cha bei ndogo lakini ndo kinachoshika presha, na presha ndo inafanya maji yasichemke mapema, kikichoka maji yanachemka hata kama radieta nzima. Alafu pampu ya maji kama inavuja.

Ukimaliza hivyo weka themostati mpya, jaza kulanti, toa hewa kwenye mfumo vizuri. Na mpaka umalize, sindano ikipanda tena zima AC, fungua hita mpaka mwisho na feni yake ya ndani, utasikia joto lakini inavuta joto kutoka kwenye injini, tafuta pa kusimama uzime. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, hedi inapinda.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mukono nafanya kazi Kampala. Nimeona Fielder ya 2012 kwenye bondi (yadi ya magari ya kutoka nje) Nakawa, nyeupe, safi sana, kilomita 61,000. Broka anasema mzee mmoja Japani alikuwa anaiendesha sokoni tu. Niamini? Na wananiambia ni CVT nisiogope. (Mama wa Mukono)

JIBU: Mama, hadithi ya mzee wa Japani weka pembeni, omba karatasi. Gari nyingi zinazokuja huku zimepita kwenye mnada, na mnada Japani unatoa shiti inayoonyesha kilomita, daraja na mchoro wa bodi wenye alama za mikwaruzo na sehemu zilizopakwa rangi. Daraja 4 au 4.5 ni nzuri. R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. Shiti waliyoiprinti bondi usiitegemee, kuna huduma onlaini unalipa kidogo unaweka namba ya chesisi unapata ya asili. Pia cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje huwa kinaandikwa kilomita, mwambie akuonyeshe. Gari za mtumba zinazokuja Uganda zinatakiwa zikaguliwe kabla ya kupakiwa meli, chini ya utaratibu wa UNBS (shirika la viwango la Uganda), kwa hiyo cheti cha ukaguzi kiwepo.

Alafu kuna kitu watu hawakijui. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye fremu, na fungua boneti uangalie pembeni, mara nyingi kuna stika ndogo za Kijapani za kubadilisha oili, zina tarehe na kilomita. Huhitaji kujua Kijapani, namba ni hizi hizi. Mwaka wakati mwingine wanauandika kwa hesabu yao, R5 ni 2023, R4 ni 2022, unajumlisha 2018. H24 ni 2012, unajumlisha 1988. Stika ikisema kilomita 98,000 mwaka R4 na dashibodi inasema 61,000, umeshapata jibu lako. Ukikuta stika zimebanduliwa zimebaki alama za gundi, uliza kwa nini. Angalia na raba za pedali, usukani upande wa kulia unapong'aa, kiti cha dereva. Kilomita 61,000 haziwezi kumaliza raba ya breki.

Ila nikuambie, kilomita nyingi peke yake hainitishi. Fielder ya kilomita 110,000 yenye shiti ya kweli na ilifanyiwa sevisi naichukua kabla ya hii ya 61,000 isiyo na karatasi, kwa sababu aliyerudisha namba nyuma ameficha pia kitu kingine.

CVT si ya kuogopa ila si ya kuchezea. Haina gia kama otomatiki ya kawaida, inatumia mkanda wa chuma kwenye puli mbili zinazobadilisha ukubwa. Ni laini na inaokoa mafuta, na kwa jamu yako ya Kireka na Bweyogerere hiyo ni faida. Inachotaka ni oili yake yenyewe ya CVT. Fundi akikuwekea ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya kawaida kwa sababu ni nyekundu na nzuri, utaanza kusikia inatetemeka ukiondoka, baadaye inavuma, baadaye unanunua giaboksi. Kwa hiyo ukiijaribu sikiliza mvumo unaopanda na mwendo, na uone kama inatetemeka kutoka sifuri mpaka 20. Ikiwa safi, badilisha oili ya CVT mwanzoni wewe mwenyewe ukiwa umesimama pale unaona kopo linafunguliwa.

Na kwa kuwa ni ya 2012 ushuru wa mazingira wa gari kuukuu ulishalipwa au utalipwa na nani? Bei ya bondi uliyoambiwa hakikisha ni ya gari iliyomaliza kodi na yenye namba, si bei kabla ya ushuru. Waambie waandike.

SWALI: Fundi mimi niko Busia. Ng'ambo ya Kenya kuna Corolla ya namba ya Kenya bei nzuri sana, mwenyewe anasema naweza kuitumia huku tu nikivuka kila siku, mimi nafanya kazi Tororo. Ni sawa? (Kijana wa Busia)

JIBU: Si sawa mdogo wangu. Gari ya namba ya Kenya inaingia Uganda kwa kibali cha muda, na kikiisha ikakamatwa unalipa faini au inashikiliwa. Kuifanya ya Uganda lazima upite forodha, kodi za Uganda zilipwe kwa thamani ambayo URA wataikadiria wao, na kama imefikisha miaka 15 au zaidi tangu itengenezwe basi hairuhusiwi kuingizwa nchini, sheria ya 2018 iliizuia. Ukiongeza hayo yote ile bei nzuri inapotea. Nenda dirisha la forodha hapo hapo Busia na mwaka wa gari na namba ya chesisi, waambie wakupigie hesabu kabla hujatoa hata shilingi mia ya kishika uchumba. Tororo si mbali kutoka Busia, huhitaji gari kubwa, hata Vitz ya 1.3 iliyotunzwa inakutosha. Ukiona nzuri upande wetu huku, Tororo au Mbale, nitumie picha za injini, za chini ya gari na za dashibodi ufunguo ukiwa ON, nitakuambia ninachokiona.